Kipimo cha Utulivu

Dokta Sekela alikuwa ameshasema kwa upole, akasema kwa ukali, akabandika hata tangazo mlangoni, na bado ilikuwa kama anawapigia mbuzi gitaa. Asubuhi hiyo aliamua kuingia mwenyewe ndani ya chumba cha kipimo. Alikaa pembeni kwenye kigoda cha plastiki, magoti karibu yaguse kidevu, akamtazama Lusajo anavyomvisha Bibi Syabumi kofia ya nyuzi. Kijana alikuwa na mkono mwepesi. Kofia ilikaa sawasawa juu ya mvi za bibi, nyuzi zikashika ngozi, na ukuta wa kushoto ukaanza kuchora mistari. Hadi hapo hakukuwa na cha kulaumu.

Kisha Lusajo akavuta kiti, akakaa mbele ya bibi, akamtazama usoni. Dokta Sekela akafumba macho, maana alijua kinachokuja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umeamkaje na baridi hii?"

"Lusajo," aliita Dokta Sekela.

"Naam Dokta."

"Mashine inarekodi."

"Najua Dokta. Ila nimemsalimia kwa sauti ya chini."

Kwa sauti ya chini. Dokta Sekela alitamani kucheka na kulia kwa pamoja. Ukutani, ile mistari iliyotakiwa kulala kimya ilikuwa imeinuka yote kama majani yaliyopigwa na upepo, na ilikuwa bado haijatulia.

Wenyewe walikiita kipimo cha utulivu, na jina lilijieleza. Kabla ya kumuuliza mtu swali lolote, ni lazima kwanza uujue ubongo wake ukiwa umepumzika, hauulizwi, haujibu, hautarajii kitu. Huo ndio msingi. Vipimo vyote vinavyofuata hulinganishwa nao, na msingi ukiwa mbovu, nyumba nzima imepinda. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayajua hayo. Hawa walikuwa wa mwaka wa tatu, waliochujwa kutoka vyuo vya nchi nzima na kuletwa kwenye Kituo cha Ubongo cha Ilindi, huku juu kwenye baridi, watumie likizo yao ndefu kujifunza utafiti kabla ya kwenda kusoma uzamili. Walikuwa na akili za kutisha. Walifumua kofia na kuifuma upya, walisoma mawimbi ya ubongo kama watu wanavyosoma magazeti. Lakini kukaa mbele ya mtu mzima dakika chache bila kumwamkia, hilo liliwashinda wote.

Kila mmoja alikuwa na mbinu yake. Mmoja alidai hakusema neno, alitikisa kichwa tu. Mwingine alisalimia mlangoni, akaapa kwamba mlangoni si ndani. Ambwene, binti aliyekuwa bora kuliko wenzake wote, alifunga mdomo kweli kweli kama alivyoagizwa, halafu akapiga goti. Bibi wa watu akaitikia "marahaba" kwa goti lile, na mistari ikaruka kuliko siku zote.

"Ondoka hapo," Dokta Sekela alimwambia Lusajo. "Kaa kwenye kigoda uangalie. Nitakuonyesha mara moja, na ukirudia tena nitakupeleka jikoni ukamenye viazi mpaka likizo iishe."

Lusajo alihama. Dokta Sekela alikaa mbele ya Bibi Syabumi, akaweka mikono mapajani, akamtazama kwa utulivu aliojifunza ughaibuni kwa miaka mingi, kwenye maabara ambako mtu huingia, huvishwa kofia, na hakuna anayemuuliza hata kama ana kiu. Bibi Syabumi, mstaafu wa posta na kiongozi wa kwaya ya wazee waliojitolea kupimwa, alisubiri. Alisubiri tena kidogo. Kisha akageuza uso pembeni, akaanza kuusoma ukuta usio na maandishi. Mistari ililala chini, moja baada ya nyingine, mizuri na safi. Dokta Sekela alijisikia fahari, akanyoosha kidole ukutani ili Lusajo aone.

Lusajo hakuwa anaitazama mistari. Alikuwa anatazama kona ya chini ya ukuta, mahali ambapo mashine ya Mizani huandika neno lake. Neno hilo hakuna aliyekuwa akilisoma tena, kwa sababu kwa wazee hawa wazima lilikuwa daima lile lile, la kijani: YUPO. Sasa lilikuwa jekundu.

HAYUPO, lilisomeka.

"Mmemaliza?" aliuliza Bibi Syabumi. "Maana huyu mwenzenu hata salamu hana. Mimi nimetoka kwangu na baridi hii nije nikae na mtu anayenitazama kama gunia la mkaa?"

*

Kitu cha kwanza ambacho Dokta Sekela alifanya ni kuilaumu kofia. Aliivua, akaikagua, akamwomba bibi radhi, akamvisha nyingine. HAYUPO. Alimwomba radhi tena, akamtoa nje kwa heshima zote akanywe chai, akamwambia Lusajo afunge mlango.

"Kaa hapa. Vaa."

"Mimi Dokta?"

"Vaa kofia, Lusajo. Kaa kimya, usifikirie kitu."

"Hilo la kutofikiria tu ndilo ninaloliweza," alisema Lusajo, akavaa.

Walikaa kimya. Mistari ililala. Pale konani neno likawa jekundu tena, na Lusajo akacheka kwa wasiwasi. "Dokta, kumbe mimi nimekufa? Mbona sijaarifiwa?"

"Shikamoo," alisema Dokta Sekela ghafla.

Kijana alishtuka. Mama mzima, mwalimu wake, anamwamkia yeye. Mdomo ulifunguka bila sauti. Mistari ikainuka yote, na kule konani jekundu likageuka kijani kana kwamba mtu ameingia nyumbani na kuwasha taa.

Dokta Sekela alikaa chini, kwenye kile kile kigoda.

"Lusajo, wanafunzi wa misimu iliyopita, walikuwa wanasalimia?"

"Dokta, kwa kweli, nani angekaa mbele ya mtu mzima bila kumsalimia?"

"Na msimamizi wao alikuwa anakaa wapi?"

"Chumba cha pili, ninavyosikia. Anatazama mistari. Na sauti haihifadhiwi, kwa ajili ya siri za watu."

Ndiyo hivyo basi. Mizani ilifundishwa hapa hapa. Hakuna aliyeiambia mtu ni nini. Waliimiminia vipimo vya utulivu vya wazee wazima, msimu baada ya msimu, vilivyochukuliwa na wanafunzi wa likizo, wakaiambia: hawa wapo, jifunze wanafananaje. Mashine ikajifunza yenyewe, na haikumweleza mtu ilichokishika. Ilishika kile ambacho wazee wale wote walifanana kwacho. Haukuwa utulivu. Ilikuwa ni ubongo wa mtu aliyetoka kuamkiwa na anayeitikia, na kwa Mizani huyo ndiye mtu aliyepo. Asiyeamkiwa hayumo kwenye hesabu.

Kama Mizani ingekuwa inapima wazee wa kwaya peke yao, Dokta Sekela angecheka mpaka jioni. Lakini ng'ambo ya uwanja, kwenye hospitali, Mizani ilikuwa inapima watu waliolala bila kufumbua macho kwa miezi. Mtaalamu huingia, huwatoa ndugu nje, hafungui mdomo, maana mwongozo unasema kimya. Mizani ikisema mara mbili kwamba mgonjwa hayupo, familia huitwa, mkubwa wao husaini, na mashine ya kupumulia huzimwa. Mwongozo ulikuwa umefuatwa vizuri sana. Kadiri mtaalamu alivyokuwa makini, ndivyo mgonjwa wake alivyokosa nafasi.

"Dokta," alisema Lusajo, na safari hii hakukuwa na mzaha. "Mama yake Ambwene si alipimwa na hii?"

Dokta Sekela alikuwa anajua. Ambwene alimwambia mwenyewe siku ya usaili, amekaa wima na koti lake la kuazima. Mizani iliniambia ukweli kuhusu mama, alisema, ndipo nikapata nguvu ya kusaini. Nataka kuijua ilivyo ndani, niitengeneze iwe bora zaidi. Dokta Sekela alimpa nafasi papo hapo.

"Huna ruhusa ya kumwambia mtu," alisema.

"Siwezi kukaa naye meza moja na hili tumboni."

"Basi usile leo," alimjibu, kwa ukali ambao kijana wa watu hakustahili.

*

Profesa Kasyupa, mkuu wa kituo, alimsikiliza bila kumkatiza. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomchosha zaidi Dokta Sekela, kwa sababu mtu mbaya unaweza kumgombeza ukaenda zako. Huyu alimmiminia chai ya tangawizi, akamsogezea sukari, akaivuta skafu yake shingoni.

"Una hakika?"

"Njoo nikuvishe kofia, Profesa. Nitakaa kimya mbele yako, nawe utasoma mwenyewe kwamba hupo."

Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha. "Basi tutaitengeneza. Msimu huu mnakusanya vipimo visafi, Mizani inafundishwa upya, mwakani tunatoa toleo jipya. Mtu akiuliza, tunasema tumeiboresha."

"Na waliokwisha pimwa?"

"Dada Sekela." Aliweka kikombe chini. "Wewe umekuja juzi. Mimi nilikuwepo kabla ya Mizani. Nimekaa na familia zilizouza ng'ombe, zikauza shamba, zinalala chini ya vitanda vya wodini mwaka wa pili, hakuna anayeweza kuwaambia kama ndani mle mna mtu au hamna. Ndugu walikuwa wanagombana mpaka wanashikana mashati. Mashine hii iliwapa jibu, wakazika, wakaendelea kuishi. Leo unataka kwenda kuwagongea milango uwaambie nini?"

"Niwaambie jibu lilikuwa na kasoro."

"Kwamba ndugu yao alikuwepo?"

"Hapana. Kwamba hatujui."

"Kwamba labda." Profesa alitikisa kichwa. "Unampelekea mtu labda. Uongo anaweza kuukataa, ukweli anaweza kuulilia. Labda ataifanyia nini? Atalala nayo kila siku ya maisha yake. Maji yakimwagika hayazoleki, dada yangu."

Dokta Sekela alijua kuna majibu ya vitabuni, ya haki ya mgonjwa na haki ya familia, na akaona kwamba hakuna hata moja ambalo angethubutu kulisema mbele ya mtu aliyesaini. Akashika lililokuwa karibu.

"Na Mzee Mwakalukwa? Amepimwa mara mbili. Mwanawe anasaini leo saa kumi."

Profesa alitazama dirishani.

"Simamisha, Profesa. Piga simu wodini tu."

"Nikisimamisha, nitaulizwa kwa nini. Nikijibu kwa nini, kila familia itauliza kuhusu wa kwao. Mafunzo haya yatafungwa kabla ya Jumatatu, na vijana wako wote, vyuo vilivyowapokea vitafuta nafasi zao, maana kazi yao yote ni Mizani." Aliinua mkono kabla Sekela hajasema. "Na yule mzee, kusema kweli, naamini hayupo. Madaktari wote wanaamini hivyo."

"Wanaamini kwa sababu Mizani imewaambia."

"Kunywa chai, inapoa."

"Mficha maradhi, Profesa, kifo humuumbua."

"Methali hata mimi ninazo," alisema mzee yule kwa uchovu. "Sina mtu wa kusimama mbele ya familia zile siku zitakapokuja kuniuliza."

Dokta Sekela aliondoka bila kunywa. Kwenye ngazi alisimama. Kwenda wodini moja kwa moja kulikuwa rahisi. Miguu miwili tu na mdomo. Lakini akishasema wodini, manesi watajua, na manesi wakijua, habari itafika kwenye bweni la wanafunzi kabla yeye hajarudi. Ambwene angelisikia jambo lile kwenye foleni ya chakula. Mtoto wa watu alikuwa amelala vizuri mwaka mzima kwa sababu ya neno moja jekundu ukutani, na sasa ilibidi mtu aende akamnyang'anye. Alimkasirikia Profesa, akaikasirikia Mizani, akamkasirikia Bibi Syabumi kwa kuja siku ile. Hasira zilipokwisha, bado kazi ilikuwa yake.

*

Alimkuta Ambwene uani, anawagawia wazee waliokuwa wakingoja zamu viazi vya kuchemsha. Binti alikuwa anacheka na Bibi Syabumi, ambaye bila shaka alikuwa anamsimulia habari za daktari asiye na adabu.

"Ambwene, njoo."

"Abee Dokta. Kama ni kuhusu lile goti, nimefanya mazoezi. Jana Lusajo alijifanya mzee, nikakaa mbele yake kimya kabisa."

"Siyo goti."

Waliingia kwenye chumba kidogo cha kuhifadhia kofia, hapakuwa na viti, wakasimama. Dokta Sekela alikuwa amepanga maneno. Alianza na namna Mizani ilivyofundishwa, akaenda kwenye vipimo vya misimu iliyopita, akaeleza kuhusu mistari na salamu, na kabla hajafika nusu aliona uso wa Ambwene umeshafika mwisho wa maelezo na unamsubiri huko. Ndiyo shida ya kufundisha watoto wenye akili.

"Kwa hiyo ulipompima Bibi Syabumi kimya, alisomeka hayupo," alisema Ambwene.

"Ndiyo."

"Na Lusajo."

"Na Lusajo."

"Na mama yangu."

"Mama yako sijui, mwanangu. Inawezekana kabisa hakuwepo. Wengi wao pengine hawakuwepo."

Ambwene aliitazama safu ya kofia iliyoning'inia ukutani. "Kipimo chake kipo. Tunahifadhi vyote. Tukitafuta mahali mtu aliposema naye, tukatazama kama mistari ilijibu..."

"Nimeshatafuta. Nilikifungua kabla ya kwenda kwa Profesa." Hapa sauti ya Dokta Sekela ilipungua. "Mtaalamu ameandika pembeni: kimya tupu, mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyesema naye. Hakiwezi kujibu swali ambalo halikuulizwa."

"Kwa hiyo sitajua."

"Hutajua."

Ambwene aliponyanyua uso, Dokta Sekela alitegemea machozi, akakuta ghadhabu.

"Ungeniacha, Dokta. Kwa nini hukuniacha? Nilikuwa nimemaliza. Nilishalia, nilishafanya arobaini, nilishapata chuo. Wewe unakuja na hili saa hizi unanipa ili nilifanyie nini?"

Yalikuwa karibu ni maneno yale yale ya Profesa. "Sijui," alisema Dokta Sekela. "Nimeona tu kwamba si haki nilijue mimi, wewe usilijue. Ni mama yako, si wangu."

"Unajua nani alikuwa anaongea naye?" Ambwene alizungumza kana kwamba hakusikia. "Mama mdogo. Tangu mama aanguke, mama mdogo alikuwa anakaa pale kitandani anaongea naye tu. Bei ya vitunguu, nani kaolewa, nani kafumaniwa. Kutwa nzima. Yule mtaalamu alipokuja na kofia akasema kimya kinatakiwa, mama mdogo hakunyamaza. Aliendelea. Mimi ndiye niliyemnyamazisha. Nilimwambia, mama mdogo, wewe hukusoma, utaharibu kipimo. Nikamshika mkono nikamtoa nje."

Dokta Sekela alimshika bega, na Ambwene akaliondoa bega lake polepole, bila ubaya, kama mtu anayeomba nafasi ya kupita.

"Mama mdogo bado haongei na mimi vizuri," alisema. "Nilikuwa nasema ni ujinga wake."

Kutoka uani zilisikika sauti za wazee, mmoja anadai chumvi. Ambwene alijifuta uso kwa mikono yote miwili, akavuta pumzi.

"Wodini kuna nani sasa hivi?"

"Mzee Mwakalukwa. Mwanawe anasaini saa kumi. Profesa amekataa kusimamisha."

"Saa hizi ni saa ngapi?"

"Tisa na nusu imepita."

"Na wewe ulikuwa unanieleza jinsi Mizani ilivyofundishwa," alisema Ambwene, na katika sauti yake kulikuwa na kuchoka kwa mtu mzima sana. Akafungua mlango.

*

Nesi wa zamu aliwauliza kama wana kibali cha Profesa. Dokta Sekela alisema hana. Nesi akauliza sasa wanaingiaje, na Dokta Sekela akamwambia kwa miguu, akapita. Alijua kwamba simu itapigwa. Alijua pia kwamba ule ulikuwa mwisho wa kazi yake Ilindi, na alishangaa kuona jambo hilo halikumuuma kama alivyofikiri.

Mzee Mwakalukwa alikuwa amelala chali, shuka limenyooshwa vizuri mpaka kifuani, mashine ya kupumulia ikimwinua na kumshusha. Gwakisa, mwanawe mkubwa, alikuwa amekaa pembeni kwenye meza ya chuma. Alikuwa mwanamume wa makamo, fundi seremala kwa namna vidole vyake vilivyokuwa, na alikuwa amevaa shati lake la kwenda kanisani. Karatasi ilikuwa mbele yake, kalamu mkononi. Ofisa wa hospitali alikuwa amesimama nyuma yake, anatazama saa.

"Kaka," alisema Ambwene, "usisaini."

Gwakisa aliinua kichwa. Macho yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala. "Wewe ni nani?"

"Naitwa Ambwene. Nasoma hapo kituoni."

"Mwanafunzi?"

Dokta Sekela alijitosa. Alijitambulisha, akaanza kueleza. Alisema kuna wasiwasi juu ya msingi wa kipimo, kwamba matokeo ya mgonjwa yanahitaji kurudiwa kwa utaratibu mwingine, kwamba si kwamba mgonjwa yupo, wala si kwamba hayupo, ila... Aliona maneno yake yanamwangukia yule mtu na kuteleza chini. Ofisa wa hospitali alikuwa ameshatoa simu.

"Subiri kwanza, dokta," alisema Gwakisa, na uvumilivu wake wote ulikuwa umefika ukingoni. "Wiki mbili hizi mnaniita hapa. Baba yako hayupo, saini. Nikasema nipeni muda nifikirie, mkasema mashine imesema mara mbili, unafikiria nini. Nimegombana na wadogo zangu. Mama hanisemeshi. Nimeshawaita watu wa ukoo, wako njiani, wengine wameshafika. Leo nimeshika kalamu, mnakuja tena na koti jeupe mnaniambia nisisaini. Ninyi watu mnataka nini kwangu?"

"Tunataka apimwe upya," alisema Dokta Sekela.

"Mkimpima upya atakuwepo?"

"Hilo siwezi kukuahidi."

"Basi niacheni nimpumzishe baba yangu."

Aliirudia karatasi. Ambwene ndiye aliyesogea. Alichuchumaa pembeni ya meza, macho yake yakawa sawa na ya yule mtu, akaweka kiganja juu ya mstari uliosubiri jina.

"Toa mkono, dada," alisema Gwakisa. "Kwa nini nikusikilize wewe?"

"Kwa sababu mimi nilisaini."